Blanketi la Kupigia Pasi

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Paja la kulia limebabuka tena. Malengelenge. Nimemwambia mke wangu ni chai iliyomwagika. Akauliza mimi hunywaje chai mpaka ifike huko ndani. Nikajifanya sikusikia.

Pikipiki yenyewe ni nzuri, sitaki mtu aiseme vibaya. Ya mbio, nyekundu, imeinama mbele kama paka anayetaka kuruka. Ikikimbia, raha tupu. Ikisimama kwenye foleni, balaa. Feni inapuliza hewa ya moto mapajani, ekzosi, lile bomba la moshi, inamalizia kazi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ameibandika jina. Anaiita Pasi. Anasema ndiyo pikipiki pekee inayomnyoosha mtu suruali akiwa ameivaa. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na anaendesha kikorokoro cha pikipiki ya zamani kisicho na kasi wala haya. Hakimuunguzi. Hilo linaniuma kuliko paja.

Ghalani leo bosi aliuliza kwa nini nimesimama kikao kizima. Nikajibu nimesimama kwa heshima. Basi wenzangu nao wakalazimika kusimama. Sasa hawanisemeshi.

Jumatano, tarehe 10

Nimempitia fundi pikipiki. Akachungulia ubavuni, akauliza kinga ya ekzosi iko wapi, maana pikipiki hizi hutoka kiwandani nayo. Nikasema niliinunua hivyo hivyo.

Uongo. Kinga iko chini ya kitanda chetu. Niliifungua kwa mikono yangu siku ya kwanza, ili majirani waone bomba linavyong'aa. Shemeji alinionya palepale kwamba nitaungua. Nikamwambia ashughulike na mageti yake. Nikiirudisha sasa, nitakuwa nimemvisha taji. Bora niungue.

Fundi akasema basi nitafute kinga nyingine, nivae suruali nzito, na foleni ikiganda nizime injini. Kuzima injini! Ya pikipiki ya mbio! Mbele za watu! Nikamshukuru, nikaondoka.

Jioni akili ikanijia. Mke wangu ni fundi cherehani. Juu ya meza yake kuna blanketi zito la sufu la kupigia pasi, lenye pindo la uzi wa kijani alilolishona mwenyewe. Kitu kinachovumilia pasi kutwa kitashindwaje na ekzosi? Alipokwenda kununua vifungo nikalichukua. Nikalizungushia bomba, nikalikaza kwa waya, nikalifunika kwa ile karatasi ya kung'aa ya jikoni. Limependeza. Aliporudi akauliza ni nini kile. Nikamwambia ni kifaa cha kisasa.

Alhamisi, tarehe 11

Kazini na kurudi bila kuungua! Harufu kidogo tu ya manyoya. Mlinzi wa geti ameniuliza kama siku hizi nafuga mbuzi. Wivu.

Nyumbani, mke wangu analitafuta blanketi lake. Nikasema labda upepo umelipeperusha kambani. Akatandika shuka mezani, akaanza kupiga pasi gauni la bibi harusi, mteja anayelitaka Jumamosi. Shuka jembamba. Vanishi ya meza ikayeyuka, ikapenya, ikaacha doa la kahawia mgongoni mwa gauni, pana kama kiganja.

Hakupiga kelele. Alikaa tu, gauni magotini. Halafu akasema ni hii pasi, tangu kaka yake aitengeneze inaunguza kupita kiasi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema ni kweli, kaka yako hana mkono wa vitu vidogo.

Nimeliandika hili na naona haya kulisoma.

Ijumaa, tarehe 12

Shemeji ameitwa. Aliifungua pasi mbele yetu, akaikagua, akaifunga, akamwomba dada yake radhi. Mtu mzima, anaomba radhi kwa kosa langu. Nimeingoja siku hiyo tangu nioe. Nilidhani ningeifurahia zaidi.

Kisha akapanda kikorokoro chake akazunguka mjini kutwa kutafuta lesi inayofanana na ya gauni. Akarudi nayo, amejaa vumbi mpaka kope. Mke wangu ameishona mgongoni na doa halionekani kabisa. Aliniuliza mbona sili. Nikasema nimeshiba.

Jumamosi, tarehe 13

Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Mke wangu aliomba nimpeleke kwa bibi harusi. Akapanda nyuma, mfuko wa gauni kifuani. Kwenye taa za njia panda, foleni ikaganda. Nilimkumbuka fundi na habari yake ya kuzima injini. Lakini nyuma yetu lilikuwa gari la ghalani, na wenzangu wote ndani. Sikuzima. Nikavuta mafuta kidogo, ingurume.

Moshi ukaanza. Karatasi ya jikoni ikajikunja, ikadondoka. Blanketi likachungulia, pindo la kijani na yote. Mke wangu akanigusa bega, akauliza kwa upole kile ni nini. Nikasema kifaa cha kisasa. Akasema mshono wake anaujua.

Akashuka. Akanusa gauni kwanza, akalikuta salama. Kisha akapita katikati ya magari kwa miguu, mfuko ameuinua juu ya kichwa. Na nani yuko ng'ambo ya njia panda? Shemeji. Akampakia, wakaenda zao polepole, bila moshi. Mimi nilizimwa na muuza maji wa barabarani, chupa baada ya chupa, huku wenzangu wakipiga makofi. Ningeomba ardhi ipasuke initie ndani, ila lami nayo ilikuwa ya moto.

Jumapili, tarehe 14

Bibi harusi alilipenda gauni. Mke wangu hajanigombeza. Amesema tu kwamba blanketi atashona jingine. Kilichomuuma ni mimi kukaa kitini nikimtazama kaka yake akiomba radhi.

Nikaenda karakana kwa shemeji. Nikaomba radhi macho chini. Akacheka mpaka akakaa. Halafu akaacha kucheka, akauliza ile kinga niliiweka wapi. Alikuwa tayari kuifunga leo leo, na hatamwambia mtu. Alisema hivyo kwa wema kabisa. Nikamjibu imepotea. Sijui kwa nini. Mdomo ulitangulia.

Nimeapa. Sitagusa tena kitu cha mke wangu, wala sitamtwisha mtu kosa langu.

Ila pale karakana niliona aproni ya shemeji, ile ya ngozi anayovaa akichomelea. Cheche zinaipiga kila siku na haina hata alama. Na Jumapili haina kazi, imetundikwa tu mlangoni. Nimetoka nayo. Inazunguka ekzosi mara mbili na kubaki.

Kesho akiitafuta nitamwambia labda ni upepo.