Harusi Iliyopita Kabla Haijafika

Kwa Injinia wa Ukoo,
mtoto wa kaka yangu.

YAH: PROGRAMU YAKO YA TAREHE NA HARUSI YA BINTI YANGU

Mwanangu mpendwa, sisi hapa ni wazima, isipokuwa wale ambao mpaka sasa hawajui leo ni lini.

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Utakumbuka kwamba kamati ilitaka kuwapigia watu simu, kama binadamu. Wewe ukasimama sebuleni kwangu ukasema, "Shangazi, mtajichosha bure. Niachieni mimi, kompyuta haikosei." Tukakupigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Harusi ilikuwa tarehe nne, mwezi wa kumi. Nikakuandikia 04/10. Programu yako, ambayo inaelekea ililelewa ugenini, husoma mwezi kwanza ndipo siku, kwa hiyo ikapata tarehe kumi, mwezi wa nne. Ilipoona Aprili imeshapita, ilionyesha adabu kutushinda sote: iliwatumia waalikwa ujumbe wa kuwashukuru kwa kuhudhuria. Bibi yake bwana harusi aliposomewa shukrani hizo aliangua kilio kwamba mjukuu ameoa kwa siri. Baba yake bwana harusi akanipigia: "Mama, kama mmeshaozesha, sisi mlitutakia nini?" Ikabidi nimpe binti simu athibitishe kwa kinywa chake kwamba hajaolewa.

2. Nilipokueleza, ulicheka, ukasema ni kitu kidogo, niandike tarehe kwa maneno. Nikaandika "tarehe nne Oktoba". Programu haikuelewa, lakini kwa kuwa inaona aibu kuuliza, ikaokota tarehe yake yenyewe, ile ambayo kompyuta huanzia kuhesabu siku: Januari mosi, 1970. Baba mkubwa alijibu kwamba siku hiyo yeye alikuwa bado mgongoni kwa mama yake, hivyo anaomba radhi kwa kutofika. Wifi yangu naye ameanza kuuliza bibi harusi ana umri gani hasa.

3. Tarehe ilipokaa sawa hatimaye, ikaja saa nane. Wewe uliyekulia katika lugha hii, ukala mezani kwangu kila Jumapili, hujui kwamba harusi ya saa nane ni ya mchana? Programu iliandika 08:00, na watu wakafika saa mbili asubuhi, wamepiga pasi, wana njaa. Mpishi alikuwa bado anasugua masufuria. Ilipotimu saa nane yenyewe, chakula kilikuwa kimekwisha, wajomba wa binti yangu wamelala kwenye viti vya mbele, na bwana harusi alipoingia mmoja wao alifumbua jicho akamuuliza yeye ni wa upande gani.

4. Jumamosi. Ulinifafanulia kwamba programu huhesabu siku kwa namba, na kwake siku ya kwanza ni Jumatatu. Basi ilipoona "mosi" ikafurahi. Shangazi zake bwana harusi na ukoo wao wote, waliopata ujumbe wako wa mwisho wa kuwakumbusha, wakaja Jumatatu, wakaingia ukumbini kwa vigelegele katikati ya mkutano wa mafundi bomba. Walimvisha mwenyekiti wa mafundi shada la maua. Nasikia alitokwa na machozi. Hajawahi kushangiliwa tangu aanze kuzibua masinki.

Ndoa ilifungwa, hilo silikatai. Lakini upande wa mumewe ulikuwa viti vitupu. Binti yangu alinishika mkono, akaninong'oneza, "Mama, hawanitaki?" Nikamwambia wako njiani. Kumbe kweli walikuwa njiani, ila ya Jumatatu.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu usiguse tena kalenda yoyote, hata ile ya ukutani. Pia ufikishe pendekezo langu kwa wakubwa wako: tarehe mosi hadi kumi na mbili zifutwe katika kila mwezi, kwa kuwa ndizo zinazoifanya kompyuta idhani siku ni mwezi. Watu waoane, wafe na wazaliwe kuanzia tarehe kumi na tatu. Wajawazito watakaowahi, utawatafutia utaratibu wewe mwenyewe, maana kwako yote ni kitu kidogo.

Nisalimie mkeo, watoto, na mama yako. Kompyuta usiisalimie.

Ni mimi, ambaye bado nakuhesabu kuwa mwanangu,
Shangazi.

Tanbihi: Kati ya waliofika saa mbili asubuhi alikuwamo mpiga picha, aliyefiwa na mke kama nilivyofiwa na mume. Hakulalamika. Alivua koti, akapanga viti, akamenya vitunguu pamoja nami hadi mchana, na akanichekesha mpaka nikasahau kuvaa viatu vya sherehe. Juzi alileta picha nyumbani, tukakaa hadi chai ikapoa. Tumekubaliana jambo. Ila sisi ni watu wazima, hatutaki umati. Tafadhali ualike ukoo mzima kwa programu yako hiyo hiyo. Saa nane, Jumamosi, 06/12. Usirekebishe chochote.