Siku Korongo Watakapotwaa Kundi

Jumatatu, 16 Septemba

Leo Korongo, timu yetu ya besiboli, hawachezi. Nimeyatumia mapumziko yao vizuri kuliko wao wenyewe. Nimetoka zamu ya kiwanda cha mikate, nikakaa jikoni na penseli. Kila Korongo wakishinda, namba inapungua moja. Kila Nyundo, wanaotufuata, wakipoteza, inapungua moja tena. Ikifika sifuri, kundi ni letu, mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe. Namba ya leo: saba.

Gazeti limeandika sita. Nimemwandikia mhariri barua fupi ya kumwelimisha.

Kwa mwendo wa timu zote mbili, tutatwaa Jumapili. Nimerudia hesabu mara tatu. Jumapili.

Shida ni moja. Jumapili kiti ni cha Orville.

Jumanne, 17 Septemba

Naandika haya ili nikifa ijulikane nilivyoonewa. Kiti namba 14, safu ya nne, kilikuwa cha Mama. Alikikalia miaka thelathini na moja, kaputula na kofia ya Korongo, na taji hakuliona. Alipofariki alituachia mimi na dada yangu Maxine, mechi moja moja kwa zamu. Maxine hana habari na besiboli. Zamu zake kampa mumewe, shemeji Orville Tuttle, anayetazama simu mrushaji akiwa anarusha.

Leo zamu yangu. Korongo 5, wageni 2. Nyundo nao wameshinda huko kwao, kwa bahati tu. Sita.

Jumatano, 18 Septemba

Mchana nimepita kanisani kumwashia mshumaa mrushaji wa Nyundo, aharishe. Padri Dudek akaniuliza namwombea mgonjwa gani. Nikamwambia bado hajaugua. Akaondoka bila kuuliza zaidi.

Nyundo wamepoteza. Mshumaa safi. Lakini na Korongo wamepoteza, kwa sababu zamu ilikuwa ya Orville na yule ana mkosi. Tano.

Alhamisi, 19 Septemba

Tumeshinda 3 kwa 1. Nyundo wameshinda. Nne. Mambo yanakwenda kama nilivyoandika.

Kutoka uwanjani nikaenda moja kwa moja kwa Orville. Nikamwambia, kwa upole mwingi, kwamba Jumamosi ni mechi nzuri na mimi niko tayari kujinyima. Achukue Jumamosi yangu, anipe Jumapili yake.

Akaacha kutafuna. "Kwa nini?"

Nikasema nataka kuwahi kanisani.

"Shemeji, kanisa si Jumapili?"

Hili sikuwa nimelipigia hesabu. Nikakohoa kidogo. Orville akaangalia nje ya dirisha, akasema uzio wake haujapakwa rangi tangu wahamie, na kama mtu angeupaka Jumamosi yeye akiwa uwanjani, angeweza kufikiria. Nikampa mkono kabla hajamaliza.

Njiani nilimwonea huruma. Mtu mzima kupigwa changa la macho namna ile.

Ijumaa, 20 Septemba

Korongo wameshinda, Nyundo wameshinda. Tatu. Jumamosi tutapunguza mbili, Jumapili moja ya mwisho. Kama saa.

Bernadette, mke wangu, ameniuliza kwa nini namba ya gazeti iko chini ya yangu kwa moja wiki nzima. Nikamwambia hesabu hizi zina wenyewe. Akanikumbusha kwamba anafundisha hesabu mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nikamwambia hizo ni za watoto.

Nimefua kofia ya Mama. Imepungua kidogo.

Jumamosi, 21 Septemba

Mbao za uzio wa Orville ni themanini na sita. Upande mmoja.

Saa nane nilikuwa kwenye ya arobaini, redio dirishani, Maxine ndani akimenya viazi. Korongo wakashinda. Mtangazaji akasema tusubiri, Nyundo wako nyuma. Nikaendelea kupaka, nimetulia kabisa. Nyundo wakapoteza. Nikatoa karatasi mfukoni, nikafuta tatu, nikaandika moja.

Redio ikaanza kulia. Mtangazaji alikuwa analia kweli. Kundi ni letu, alisema. Kundi ni la Korongo.

Nikaiambia redio imekosea. Bado moja.

Maxine akatoka na kisu mkononi. "Leland, kwani hujui tukilingana nao tunapita sisi?"

"Nani kasema?"

"Si tumewafunga mara nyingi kuliko walivyotufunga. Imeandikwa nyuma ya tiketi. Mama alikuwa anaisoma kwa sauti kila mwaka, mezani, mpaka tunaudhika."

Miaka yote hiyo nilikuwa nasoma mbele tu, penye namba ya kiti.

Maxine alikaa na mimi kwenye nyasi. Hakucheka, namshukuru. Aliniuliza nadhani Mama angesema nini. Nikasema angesema nimeacha rangi imwagike. Ilikuwa imemwagika.

Orville alinipigia simu kutoka kiti cha Mama. Sikusikia neno, kelele tupu. Alikuwa ameinua simu juu ili nisikie.

Jumapili, 22 Septemba

Nimekwenda. Kiti kinanata bia. Korongo wamechezesha wa akiba, maana wenyewe walikuwa wamelala. Tumefungwa 11 kwa 0. Watu walikuwa wachache, hata muuza soseji alikaa akatazama.

Nilibaki hadi mwisho. Nikaivua kofia, nikaiweka kwenye goti, nikamweleza Mama kilichotokea jana, kadiri nilivyosikia. Sikumwambia nilikuwa wapi.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimeamka mpya. Fainali ya kanda ni mechi tano, mshindi ni wa kwanza kushinda tatu. Zote hapa kwetu, maana wenzetu uwanja wao umefurika maji. Kosa la wiki iliyopita lilikuwa la kanuni, si la hesabu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi.

Nimekokotoa: itaisha mechi ya nne. Ya tatu ni yangu, ya nne ya Orville. Nimesikia paa lake linavuja.

Bernadette alikuwa anasahihisha madaftari. Bila kuinua kichwa akauliza, je, Korongo wakishinda tatu za kwanza mfululizo?

Nikamwambia asichanganye mambo, nikaenda kuazima ngazi.