Mafuta ya Kuungua ya Daktari Ombati

Ombati alijua riziki imefika mara tu mzee Manasseh aliposhuka kwenye bodaboda pale soko la Daraja Mbili. Mzee alikuwa na duka Itumbe, kwenye wafanyakazi wa kiwanda cha majani chai wasiokosa kuungua na mvuke, na alipenda kununua kwa bei ya bure na kuuza kwa bei ya kukomoa.

"Omogaka, mzee wangu, mtu akiungua, dawa ni hii," Ombati alimwambia, akiinua kikopo. Ndani mlikuwa na vumbi la mawe ya kuchonga vinyago kutoka Tabaka, mafuta ya kupikia na dawa ya meno. Udaktari wake, tusimsingizie, ulianzia kwenye koti jeupe na kuishia hapo hapo.

"Nione ikifanya kazi kwanza. Ikifanya, nabeba katoni yote."

Hapo ndipo Ombati alipopataka. Alikuwa amepatana na Persis, mpika chapati wa kibanda cha jirani: akikonyezwa, alete kikaango kilichopoa na kuapa kimetoka motoni. Ombati akakonyeza, Persis akaleta, na daktari akabandika kiganja juu yake kwa madaha yote.

Kikaango kilikuwa cha moto kwelikweli.

Akipiga mayowe, biashara ya katoni imeharibika. Basi akatabasamu. Machozi yalimtiririka, akajipaka dawa yake mwenyewe, na maskini, ndiyo kwanza ikazidi kuchoma.

"Mbona unalia?"

"Ni raha, omogaka. Hii kitu iko na baridi sana!"

"Basi shika tena. Sikuona vizuri."

Uvumilivu ukamwisha. "Uuui, mama yangu!" Akamruka mzee na kutumbukiza mkono kwenye beseni la maji la Persis. Manasseh akaita bodaboda, akaenda zake bila katoni.

"Persis, si tulipatana?" Ombati akalalamika.

Persis alikunja mkono wa sweta, akamwonyesha malengelenge. "Juzi niliungua nikapaka dawa yako, pakavimba hivi. Nesi aliniambia ni maji tu ya baridi ningetia. Sasa kaa hapo dakika ishirini, na usitoe mkono!"

Mayowe yalikuwa yamewaleta wateja wa juzi, kila mmoja na kikopo chake na hasira zake. Persis akafungua mkoba wa daktari, akaanza kuwarudishia pesa zao.

"Wewe! Wacha hiyo!" Ombati akatoa mkono majini amzuie. Maumivu yakampanda hadi kwapani. Akaurudisha haraka, akachuchumaa, akatazama mkoba wake ukinywea.