Malalamiko Dhidi ya Furaha Tuliyopewa Bila Kuomba

Ilongero, Singida
12 Machi 2007

Kwa: Dk. Theodora Mughwai,
Mhadhiri wa Saikolojia, Dar es Salaam

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ilinipasa kuanza kwa kusema kwamba mimi ni mzima na hofu yangu ni kwako tu. Sentensi hiyo nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu ndiyo iliyotuponza, kama nitakavyoeleza.

Utakumbuka kwamba mwaka jana ulikuja kwa ajili ya utafiti wako kuhusu jinsi watu wanavyotumia intaneti na jinsi nafsi zao zinavyostawi. Nilikubebea karatasi siku nane. Tulikaa mjini kwenye intaneti kafe ya Mzee Abdulmajidi, yenye kompyuta sita na feni moja, nawe ukawauliza wateja maswali kumi na mawili. Ulipoondoka ulimwambia mkuu wetu wa shule kwamba wafadhili wako watatoa kompyuta kumi na mwalimu wa ushauri kwa shule moja, katika mkoa utakaoonekana kuwa na upweke mwingi zaidi. Sasa ripoti imefika. Kati ya mikoa mitano, Singida tumekuwa wa kwanza kwa furaha. Kompyuta zimekwenda mkoa ambao sitautaja, kwa ajili ya amani ya nchi.

Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Uliwauliza watu hali zao. Shangazi, wewe ulifundishwa kusalimia na bibi yuleyule aliyenifundisha mimi. Mtu akiulizwa hali hujibu "nzuri". Hata msibani tunauliza, "Habari za msiba?" na mfiwa anajibu, "Nzuri, ila ndiyo hivyo, mzee ametutoka." Habari yenyewe imo ndani ya "ila". Karatasi yako ilikuwa na visanduku vitano, kuanzia "nzuri sana" mpaka "mbaya sana", na hakuna hata kimoja cha "ila".

2. Mzee Obadia. Huyu huja na baiskeli kila Ijumaa ili Maryam, binti anayeangalia kafe, amfungulie barua pepe aone kama mwanawe Elisha ameandika kutoka ng'ambo. Ulimuuliza swali la saba, kama akishatumia intaneti hujisikia mpweke. Akajibu, "Hapana mwanangu, salama kabisa." Ukaweka tiki. Ulipoinama kufunga faili, alimgeukia Maryam akasema, "Ila Elisha hajaandika tangu Pasaka. Hebu fungua tena, mama, labda ilijificha." Maryam akafungua tena. Haikuwemo. Mimi nilisikia, nikataka kukuvuta gauni, lakini mtoto hamkatizi mkubwa. Kwa hiyo hata adabu yangu imo katika takwimu zako.

3. Binamu yangu Ritha umemwandika kuwa ana marafiki mia moja na kumi na wanne. Hao ni wa kuchati. Alipougua malaria aliletewa uji na mtu mmoja tu, naye ni mimi, ambaye simo katika orodha kwa sababu sina anwani ya barua pepe.

4. Chumba tulikwisha kukipaka chokaa, na mlangoni kimeandikwa CHUMBA CHA KOMPYUTA kwa rangi ya bluu. Sasa kimejaa magunia ya alizeti. Kitabu chetu kinasema kila kompyuta huwa na kipanya. Vipanya tumeshapata, tena wameanza kuzaana. Tunachosubiri ni kompyuta.

5. Furaha hii imeanza kutudhuru. Yustina wa kidato cha kwanza, aliyetoka Nduguti, alilia hosteli kwa kukumbuka kwao. Matroni akamwambia kwamba kitaalamu halii. Nyumbani nako, mama akisema maji yako mbali, baba anamjibu, "Mama Damari, usiniharibie takwimu za dada yangu." Mama hajacheka hata mara moja.

Kwa hayo yote, naomba utufutie furaha. Hatuna tamaa, utushushe mpaka nafasi ya nne tu, wa tano wabaki na unyonge wao. Kama chuo kitakataa, naomba salamu zipigwe marufuku wilaya nzima kwa majuma mawili, urudie utafiti. Mtendaji wa kijiji asimame njiani, na atakayekutwa amesema "nzuri" bila kuambatanisha "ila" arudishwe alikotoka akaanze upya. Nikipewa kitambulisho, mimi nitasimama kwenye mnada.

Sisi tumeshaanza maandalizi. Kila Jumatano baada ya vipindi tunakaa juu ya magunia, wasichana kumi na saba, tunajifunza kujibu "mbaya sana" bila kuangalia chini. Tatizo ni Dina. Akifika kwenye "mbaya" anacheka, na akicheka yeye tumekwisha wote. Tafadhali usiyaandike hayo popote.

Bibi anakusalimu, na baba, na mama, na mkuu wa shule. Maryam anakusalimu. Mzee Obadia naye anakusalimu, anasema hali ni nzuri.

Wako katika huzuni inayongoja kuthibitishwa,
Damari Philipo Mughwai,
Kidato cha Tatu.

Nyongeza: Shangazi, nilikuwa nimesimama kwenye geti la shule na barua hii mkononi, nikielekea posta, gari la wafadhili wako likafika. Mama mmoja mtu mzima akashusha kioo. Alisema wamebakiwa na kompyuta tano, wanapita kuangalia shule yenye shida. Akaniuliza, "Hali ya shule yenu ikoje, binti?" Nikasema, "Shikamoo mama. Nzuri sana, hatuna shida yoyote." Alikuwa mkubwa kwangu, tena mgeni, ningemjibu nini? Akaandika, akanishukuru, kioo kikapanda. Niliposema "ila" gari lilikuwa limeshaondoka. Nimelikimbilia mpaka kwenye mashine ya kusaga. Tafadhali mpigie simu leo hii, umwambie yule binti wa getini alikuwa bado hajamaliza kusema.