Ayoni Hazijui Kona

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Mwalimu mkuu anatafuta mkuu wa idara ya sayansi. Tumebaki wawili: mimi wa fizikia na Wangare wa kemia. Jumamosi atakagua mradi wa kila mmoja. Wangare anapika sabuni. Sabuni! Mimi nabuni jaribio la kuunganisha viini vya atomu. Ayoni nzito zinaongezwa kasi ndani ya bomba, zinagonga tembe ya haidrojeni, nguvu kama ya jua inatoka. Kwa sasa niko na mabomba ya mtumba kutoka soko la Tala, na michoro. Tembe bado. Ayoni pia bado. Cheo nakitaka sana.

Jumanne, 14 Oktoba
Bomba lazima lilazwe ardhini, kwa usalama, na linyooke kama uzi. Ayoni hazijui kona. Nimepiga vigingi kuteremka shamba la mama, nikaanza kuchimba. Udongo mgumu kama lami. Nikaingia ndani kunywa chai.

Chai imeleta wazo: mwethya. Akina mama wa hapa huchimbiana mashamba kwa zamu. Lakini wao ni wa kilimo tu, hawatachimbia ayoni. Nimemwambia Ndanu, mwenyekiti wao, kwamba nataka mtaro wa fanya juu, udongo wa mama usibebwe na mvua. Akasema hakujua niko na huruma hivyo. Nimeona haya kidogo. Ikapita.

Alhamisi, 16 Oktoba
Wamechimba nikiwa darasani. Mama amewapikia isyo ya mahindi na maharagwe, wakaimba, wakamaliza. Kazi safi. Ila mtaro umekata shamba kwa upana, ukafuata kilima, ukapinda kama mundu. Vigingi vyangu viko kando, vimerundikwa vizuri. Ndanu amesema walidhani ni vya kufungia mbuzi, kwani nani huchimba fanya juu kuteremka, labda anayetaka kuhamishia shamba lake mtoni. Nilikuwa nimeomba fanya juu. Nikashukuru.

Jumamosi, 18 Oktoba
Mvua ilinyesha jana. Mtaro umejaa, mabomba yanaelea. Mwalimu mkuu akauliza jaribio liko wapi. Nikaonyesha maji. Nikasema linapoa kwanza. Mama akaingilia, akamweleza vile mwanawe ameokoa udongo wa marehemu baba yake, machozi yakamlengalenga. Mwalimu mkuu akaguswa. Amenipa klabu ya kilimo. Idara amempa Wangare. Wangare amenizawadia kipande cha sabuni. Kinanukia vizuri. Imeniuma sana.

Jioni Ndanu akanikumbusha kwamba aliyechimbiwa huchimba.

Jumatatu, 20 Oktoba
Mashujaa Dei. Wengine wanapumzika. Mimi nimeshinda shambani kwa Ndanu, jembe mkononi, viganja vimechubuka. Akina mama wamecheka vile ninavyoshika mpini. Nimejiambia mambo ya kudanganya watu yameisha.

Saa ya kula nikasimama juu ya kilima na sahani yangu. Mtaro wa Ndanu unakutana na wa mama. Wa mama unakutana na wa jirani. Mitaro imezunguka kilima chote, isipokuwa kwa mzee Titus. Mduara! Mashine kubwa za kuongeza kasi ya ayoni huwa za mduara. Sumaku chache tu, ayoni zitajifunza kona.

Nikateremka hadi kwa Titus. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba udongo wake unaisha, anahitaji fanya juu haraka. Akanishika mkono kwa muda mrefu. Akasema hakujua niko na huruma hivyo.

Mwethya inaingia kwake Alhamisi. Sumaku nitaulizia Tala.