Mwanafunzi Hewa wa Kiti cha Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa chuo kaniita, mimi karani wake wa usajili. Kampuni kubwa ya kompyuta inataka kuajiri kutoka vyuo vya jamii kama chetu, maana wafanyakazi wake wote wanafanana kama vifungo vya shati moja. Inataka wanawake, watu wazima, wenye ulemavu. Inakuja kukagua Ijumaa ya wiki ijayo. Darasa letu la kompyuta: vijana wa kiume kumi na tisa na feni mbovu. Atakayeleta mchanganyiko atakuwa msajili mkuu. Mkutubi naye anakitaka cheo. Mtu anayenong'ona hata akipiga chafya!

Nimepata dawa. Kiti cha kumi na nne ni kitupu. Nimeandikisha mwanafunzi hewa: mama wa miaka hamsini na mbili, fundi cherehani, mguu mmoja mfupi. Yote ndani ya mtu mmoja! Jina nimeliunga, nusu la shangazi, nusu la sabuni.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji, mdogo wa mke wangu, kaja na vyeti kwenye bahasha. Anataka kusoma kompyuta. Nimemwambia darasa limejaa. Akauliza, "Limejaa kabisa, shemeji?" Kabisa. Mtu halisi ana maneno mengi. Hewa haiombi ruhusa. Kaondoka bila kuaga. Nyumbani nimenuniwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kumtilia hewa wangu saini ya mahudhurio. Saini ipo! Siku tatu mfululizo, mwandiko mzuri kuliko wangu. Mkutubi huyu. Ananichezea.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu wa kompyuta kanishukuru kwa kumletea yule mama. Eti ndiye pekee aliyemaliza zoezi, na mapumziko anawaelekeza vijana. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikachungulia darasani. Kiti kitupu. Vijana watatu wamekizunguka, wanaitikia kwa vichwa. Kwenye kioo cha kompyuta herufi zinajiandika, taratibu, bila mkono. Walipotoka nikakigusa kiti. Kina joto la mtu.

Jumanne, 11 Machi

Nimemfuta jina kwa wino mweupe. Nimerudi kutoka kula, jina lipo, na chini yake: "Mbona wanifuta nami nahudhuria?" Wino mbichi.

Nikamvaa mkutubi. Kaapa hajui lolote. Yule mama, kasema, kaazima vitabu saba, karudisha sita. Kisha akaninong'oneza, kwani wewe humwoni?

Simwoni!

Ijumaa, 14 Machi

Wageni wamefika. Kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye miwani, alinyoosha mkono kwenye hewa tupu. Nikaona vidole vyake vikibanwa. Wakazungumza nusu saa, yaani yeye alizungumza, akanyamaza, akacheka. Kamwajiri palepale. Chuo kizima kikapiga makofi. Mimi pia, nifanyeje?

Kisha hatua zikanijia, moja nzito, moja nyepesi. Zikasimama mbele yangu. Harufu ya mafuta ya cherehani. Sikioni, sauti ya upole kabisa: "Kiti changu mpe shemeji yako."

Nimemwita shemeji, nikamwandikisha. Hakunishukuru. Alishukuru kwa kuangalia nyuma ya bega langu, akasema, "Asante, mama."

Jumatatu, 17 Machi

Cheo kapewa mkutubi! Yule mama alimsifu mbele ya wageni kwa kumkaribisha vizuri. Fadhila za punda! Mimi niliyemleta duniani!

Lakini sijafa moyo. Mkuu kasema kampuni sasa inauliza mbona walimu wetu wote ni wanaume. Nimejifungia ofisini na fomu ya ajira. Safari hii nimekuwa mwangalifu: mwalimu wa kike, shahada mbili, mkali, asiyependa uongo. Hilo la mwisho litawafurahisha sana.

Sijafika hata kwenye jina, hodi mlangoni.

Nimesema karibu, bila kuinua kichwa.