Laini ya Baba Chanu

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepata laini mpya ya intaneti! Ile ya kasi kubwa kabisa, ambayo tangazo lake wanalibandika kwenye lifti za wenye nazo. Jengo letu hapa Gunsan, Korea, halina hata lifti. Ghorofa tano, magoti yako mwenyewe. Lakini intaneti ya mwendo wa risasi ninayo. Au tuseme karibu ninayo.

Yote haya ni kwa ajili ya Dada Punrye. Ndiye aliyenibeba mgongoni kabla hajaenda Ujerumani kuwa nesi, mimi nikiwa na miaka minne. Mwezi wa sita kiharusi kikampiga. Haongei tena. Binti yake Hanna anamshikia simu kila siku, saa kumi jioni ya huku kwetu, mimi namwaga habari za mtaa, na Dada ananijibu kwa unyusi wa kushoto. Habari tamu, unyusi unapanda. Habari tamu sana, unapanda na kubaki huko huko. Ndiyo maongezi yetu. Sasa laini ya zamani ilikuwa inagandisha picha, unyusi siuoni. Na daktari kamwambia Hanna ni wiki mbili, labda tatu. Sauti sina haja nayo. Nataka unyusi.

Nikapigia kampuni, nikasema nimetumwa na mume wangu, Baba Chanu, maana laini ina jina lake. Wakakubali upesi mno.

Fundi Tak akaja saa tano. Mtu mzima, upara umeshaanza. Akavua viatu, akavipanga pembeni ya vile vya Baba Chanu. (Mwanamke anayeishi peke yake usipoweka viatu vya mwanaume mlangoni, unajitakia wezi.) Akauliza mzee yupo? Nikasema amelala. Mume wangu ana miaka mitatu kaburini, kwa hiyo sio uongo mkubwa.

Akashuka chini kubadilisha mitambo ya jengo. Akarudi, akaishika modemu yetu, akacheka. Eti, "Mama, hii ni bibi yao modemu zote!" Akasema laini mpya na modemu hiyo hazielewani hata kidogo, lazima niwe na modemu mpya, na anayo kwenye gari. Ila kwanza mwenye laini athibitishe mwenyewe kwa simu. "Mwamshe mzee, ni dakika moja tu."

Nikamwambia mzee wangu akilala amelala.

Akaniachia ile bibi. Akasema labda itapitisha kidogo.

Saa kumi picha ikafunguka, Dada akaganda mdomo wazi. Nikasema itakaa sawa. Nikampa kisa chote cha muuza samaki aliyefukuzwa na mkewe, dakika ishirini nzima. Kumbe Hanna alishakata zamani! Umbea wote nimeipa picha.

Jumanne, 9 Septemba

Spidi imekuwa mbaya kuliko kabla sijabadilisha. Nimeizima modemu, nimeiwasha. Nimefuta nyaya kwa spiriti. Nimeihamishia dirishani ipate hewa. Taa nyekundu inanikonyeza tu kama mlevi.

Mwanangu Chanu akapiga kutoka Vietnam, kwenye kiwanda chake. Nikamweleza. Akasema, "Mama, si upeleke tu cheti cha kifo cha baba? Wanabadilisha jina, unapewa modemu siku hiyo hiyo." Nikamwambia simsikii, laini mbaya. Nilikuwa namsikia vizuri sana.

Mtoto haelewi. Benki wanajua Baba Chanu amekufa. Serikali inajua. Chama cha madereva wenzake wanajua, walikuja msibani wakala nyama yote. Kampuni ya intaneti peke yake ndiyo haijui. Kila mwezi wanamwandikia barua, Mheshimiwa Yom Tokki. Kila mwaka, mwezi wa tatu, wanamtakia heri ya kuzaliwa. Nani mwingine anamtakia?

Isitoshe kuna nafuu ya mteja wa siku nyingi. Nisiipoteze hivi hivi. Nina mpango.

Leo Dada nimemwona sekunde tatu. Nyusi zote mbili zilikuwa ukungu.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango wenyewe: Baba Sulgi, mume wa jirani yangu wa mlango wa pili. Sauti nzito, hana kazi tangu astaafu, na dagaa wangu wa kukaanga na pilipili anawapenda kuliko heshima yake. Mimi ndiye mpishi wa duka la vitoweo sokoni, najua nani ananunuliwa kwa nini. Nikamwita wakati mkewe, Mama Sulgi, ametoka. Bakuli la dagaa, chupa ya pombe ya mchele, na kazi ndogo tu: awe mume wangu kwa dakika tano kwenye simu.

Akaona aibu. Nikampa dagaa wengine. Akaacha kuona aibu.

Nikamwandikia tarehe ya kuzaliwa ya marehemu kwenye kiganja, tukapiga. Msichana wa kampuni ana sauti ya asali. Jina? Akajibu vizuri, Yom Tokki, tena kwa mikogo kama mheshimiwa diwani. Moyo ukanishtuka kidogo, sijui kwa nini. Tarehe ya kuzaliwa? Anafungua kiganja, mafuta ya dagaa yameshafuta kila kitu! Akataja ya kwake. Msichana akasema samahani mzee, haifanani. Akaongeza: na huyo mama aliyeongea mwanzo ni nani wako?

Punguani akajibu, "Huyo? Jirani."

Nikakata simu. Akauliza dagaa waliobaki anaweza kuondoka nao?

Kaniapia Mama Sulgi hatajua.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo nimemwona Dada! Akili hii, mwenzangu, haikuenda shule lakini inatembea.

Kliniki ya magoti pale njia panda ina intaneti ya bure, ya kasi. Nikaenda na goti langu. Wakanilaza kitandani, pazia hili na pazia lile, wakanibandika vile vidude vya umeme vinavyotingisha goti. Saa kumi juu ya alama nikampigia Hanna. Picha safi! Dada na mto wake wa bluu, amesukwa nywele. Amekonda. Jamani amekonda! Lakini macho ni yale yale.

Nikampa kisa cha Baba Sulgi na dagaa. Mwili unatingishika, sauti inatingishika, "ji-i-i-rani" kama mbuzi. Nyuma ya mapazia wanawake wameanza kucheka. Unyusi ukapanda. Nikaongeza chumvi: nikasema Baba Sulgi kwao halishwi, ndiyo maana anaweza kuuza hata jina lake kwa dagaa. Ukapanda zaidi, ukabaki juu. Na mdomo, upande ule mzima, ukavutika. Dada amecheka! Hanna akalia, akasema kwa Kikorea chake cha kuungaunga kwamba hajaona hivyo tangu mwezi wa sita.

Hapo pazia la kushoto likafunguka. Mama Sulgi. Na umeme wake kiunoni.

Yaliyosemwa siwezi kuandika yote. Alisema, "Wa kwako umemmaliza, sasa umekuja kummaliza wangu!" Nikamjibu wake nimekuta ameshamalizwa na njaa. Akasema nilikuwa nakuja kukuomba radhi ya ule ugomvi wetu wa takataka, na namba ya siri ya intaneti yangu ningekupa, kasi mara mbili ya yako, sasa utaisikia kwenye bomba! Nesi akaja. Akasema simu haziruhusiwi vitandani, wala kupiga kelele, na mimi nisirudi mpaka wiki ijayo.

Nilipoangalia simu, Hanna alishakata.

Jumamosi, 13 Septemba

Jana nilijaribu maktaba: hairuhusiwi kuongea. Mkahawa: muziki mpaka meno yanauma, Dada asingesikia kitu. Kifurushi cha simu yangu ni kile cha wazee, kinatosha salamu tu. Mlangoni kwa Mama Sulgi nilipita mara mbili na bakuli la kimchi, figili za kuchachusha. Nilisikia anapumua nyuma ya mlango. Hakufungua. Nikarudi nalo.

Leo saa kumi, nyumbani. Picha ikaja vipande vipande, kama vigae. Kipande cha mto. Kipande cha shavu. Nikamwomba Hanna asogeze simu, nione juu ya jicho la kushoto. Ikaganda. Nikangoja na modemu nimeipakata mapajani kama kuku mgonjwa.

Baadaye Hanna akaandika ujumbe. Kwamba toka jana mama hafumbui macho sana. Kwamba daktari amesema sasa tuhesabu siku, sio wiki. Kwamba nikiongea anasikia, niendelee tu kuongea.

Nitaongea na nini? Na vigae?

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeenda ofisi ya kata. Nilivaa gauni la kijivu, lile la mazishi, nikijua nitakaa foleni tangu asubuhi, nitaulizwa maswali, nitalia, nitapewa maji. Nilijiandaa kabisa. Hakuna foleni. Kuna mashine, kama ya kutoa soda. Unaweka kidole, unabonyeza, karatasi inatoka. Bado ya moto. Yom Tokki, amefariki. Nilisimama pale nimeishika, mtu wa nyuma akasema mama, kama umemaliza?

Nimemaliza.

Nikapigia kampuni. Yule yule wa sauti ya asali! Nikamwambia mwenye laini amefariki. Akasema pole sana mama, imetokea lini? Nikataka kusema miaka mitatu. Nikasema, "Leo asubuhi." Imenitoka tu. Akasema pole tena, kwa sauti nyingine, sio ile ya kazini. Wiki nzima hii hakuna aliyenipa pole nzuri kama ile.

Nikamtumia picha ya karatasi; alipoiona nadhani aliona tarehe. Akaipitisha tu.

Jumanne, 16 Septemba

Fundi Tak amerudi na modemu mpya. Nyeupe, ndogo, kama sabuni. Alipofika mlangoni aliangalia viatu vya Baba Chanu, akaniangalia, akavua vyake akaviweka mbali kidogo. Kazi akaimaliza haraka mno. Akapima spidi, namba zikapanda kama mita ya teksi. Nikamlisha zabibu. Akaniomba nikipigiwa na kampuni nimpe kumi juu ya kumi. Nikamwambia nitampa kumi na moja. Ile bibi akaibeba kwapani, akaenda nayo.

Saa kumi. Mara moja tu, Hanna akapokea. Picha safi kuliko kliniki, kuliko televisheni. Naona nyuzi za mto. Naona tone la maji kwenye mdomo wa Dada. Naona unywele mmoja mweupe kwenye unyusi wa kushoto, umesimama peke yake.

Macho amefumba. Nikampa yote: mashine ya soda, "leo asubuhi", upara wa Fundi Tak. Saa nzima haikuganda hata mara moja. Nilikuwa natazama ule unywele. Kila nikifika pahali patamu nasimama kidogo, nampa nafasi.

Haukutikisika.

Hanna akaniuliza mama mdogo, nikate? Nikamwambia usikate, kwa spidi hii? Tukakaa hivyo. Anapumua, namtazama.

Ijumaa, 19 Septemba

Dada Punrye ameondoka jana, saa nne asubuhi ya kwao. Sikukosa hata sekunde. Niliona kila kitu. Heri ingeganda.

Watamchoma huko huko, Hanna ataweka majivu karibu na hospitali aliyofanyia kazi. Aliniambia tena na tena nisijilaumu. Nilikuwa sijafikiria kujilaumu mpaka aliposema. Siku nane nimepigana na karatasi ambayo mashine inatoa kwa dakika moja. Sawa. Nimeelewa. Mtu akifa, amekufa, unasema, mambo yanaendelea. Nimejiambia hivyo kwenye kioo, kwa sauti.

Nimekaanga dagaa wengi mno leo, wa duka wakashangaa.

Jioni mlango ukagongwa. Mama Sulgi, na bakuli la supu ya maharage ya kuchachushwa, na kikaratasi chenye namba ya siri ya intaneti yake. Akasema Baba Sulgi amemwambia kisa chote, kwamba ni kwa ajili ya dada yangu mgonjwa, na yeye hakujua. Akasema, "Na wewe mdomo huo, si ungesema tu?" Akaninyooshea bakuli. Akauliza dada anaendeleaje.

Nilifungua mdomo niseme.

Nikasema ameamka. Nikasema amekula uji vijiko vitatu, na neno moja amelitamka. Mama Sulgi akaweka mkono kifuani, akasema asante Mungu. Akauliza neno gani? Nikasema jina langu, Malnyo. Akalia, yule mwanamke! Nikalia naye. Tukakaa pale ngazini tunalia kwa furaha, supu inapoa. Kabla hajaingia kwake nikajisikia namwambia daktari amesema Dada akipata nafuu hivi, siku ya Chuseok anaweza kupanda ndege akaja kula sikukuu ya mavuno kwangu. Akasema basi na yeye atakuja kumsalimia, atamtengenezea keki za mchele zenye ufuta.

Chuseok ni wiki mbili na nusu. Nina mpango.